Jinsi ya kutengeneza komedi fupi ya chumba cha habari cha gazeti, kuanzia wazo mpaka kuediti

Nilikaa kwenye chumba cha habari cha gazeti moja hapa Dar miaka sita nikiwa msomaji prufu, yule anayesoma kurasa kutafuta makosa kabla hazijachapwa, zamu ya jioni, na tangu nimetoka pale nimeshiriki kushuti filamu fupi mbili, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa pande zote. Vijana wengi siku hizi wanashuti komedi kwa simu na wana vipaji kwelikweli, ila ukiangalia sana ni mada zilezile, mke na mume, mganga, mlevi na mjumbe, bosi na dada wa kazi. Sisemi ni mbaya. Nasema kuna sehemu moja ina vituko kila siku ya Mungu na ni kama hamna anayeigusa, nayo ni pale gazeti linapotengenezwa, na uzuri wake ni kwamba huhitaji hela nyingi, unahitaji chumba kimoja, meza nne, simu, na saa ya ukutani.

Hiyo saa ya ukutani ishike vizuri, nitairudia mara nyingi, maana ndio filamu yenyewe.

Kwanza ijue siku ya gazeti inavyokwenda

Usiandike skripti kabla hujajua hii, utaishia kuonyesha watu wanachapa kompyuta na kusema "nina stori kubwa bosi", na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi gazetini atafunga video yako sekunde ya ishirini.

Asubuhi kuna kikao. Wanalipitia gazeti la leo na ya wenzao, nani katupiga bao, nani kakosea jina la mtu, halafu mhariri wa habari anafungua dayari anagawa kazi, wewe mahakamani, wewe uwanja wa taifa, wewe kuna waziri anaongea na waandishi saa tano. Baada ya hapo chumba kinakuwa kitupu, mchana ukiingia utakuta mtu wa michezo peke yake anakula chipsi. Kuanzia saa kumi jioni watu wanaanza kurudi, kila mtu anadai stori yake ndio ya ukurasa wa mbele, kinafanyika kikao kingine kifupi cha kupanga kurasa, na kutoka saa kumi na mbili kwenda mbele ni vita. Ripota anaandika, mhariri anakata, dizaina anapanga ukurasa, msomaji prufu anatafuta makosa, mtu wa matangazo anakuja mbio kwamba kuna tangazo la nusu ukurasa limeingia sasa hivi na limeshalipiwa kwa hiyo toeni stori moja, na kule kiwandani wanapiga simu wanauliza kurasa ziko wapi kwa sababu nakala za mikoani lazima zitoke mapema magari yaondoke.

Halafu kurasa zinafungwa. Zikishafungwa na mtambo ukianza kuzunguka ndio basi, na hapa ndipo gazeti linapotofautiana na mtandao. Mtandaoni ukikosea unafuta, ila kosa la gazeti linashinda siku nzima limebanwa na kibanio mezani kwa muuza magazeti, watu wamejaa wanasoma vichwa vya habari bure, na redioni asubuhi mtangazaji analisoma kwa sauti nchi nzima isikie. Ukimfanya mtazamaji ajue hilo mapema, mtu akikaribia kukosea tu tayari anacheka na roho inamdunda.

Kama unaweza, tafuta mtu anayefanya kazi gazetini umuombe ukae pembeni jioni moja, kuanzia saa kumi na moja mpaka wafunge. Usishuti chochote, kaa tu uandike wanavyoongea. Jioni moja hiyo itakufaa kuliko mwezi mzima wa kutunga kichwani.

Chagua saa moja tu

Kosa nililoliona kwenye skripti nyingi ni kutaka kuonyesha siku nzima, asubuhi kikao, mchana ripota yuko fildi, jioni kurudi. Kwa filamu ya dakika kumi hiyo ni mizigo mingi mno. Chukua saa moja ya mwisho, tuseme kuanzia saa mbili mpaka saa tatu usiku, saa tatu kamili kurasa zinafungwa, na mtazamaji aambiwe hilo kwenye dakika ya kwanza. Aambiwe kwa mdomo, mtu apige simu kutoka kiwandani aseme saa tatu kamili, ikipita hapo gari la Mbeya linaondoka tupu. Tayari. Sasa kila mtu anayetokea kumsimamisha mhariri anakuwa kikwazo, na vikwazo ndio vichekesho vyako.

Na Kiswahili kimekupa kikwazo kimoja cha bure, salamu. Fikiria msichana mdogo aliyeanza kazi juzi, kagundua kosa kubwa ukurasa wa mbele, zimebaki dakika nne, anakimbia mpaka ofisi ya mhariri ambaye ni mzee wa heshima. Hawezi kuanza na kosa. Anaanza na shikamoo. Mzee naye ni mtu wa malezi, anaitikia marahaba mwanangu, hujambo, mama anaendeleaje na miguu, na binti anajibu yote huku macho yako kwenye saa. Hapo hamna mtu anayefanya ujinga, wote wawili wana adabu, na ukumbi mzima utacheka kwa sababu kila mmoja wetu ameshasimama pale.

Watu wako

Wahusika wakuu usizidishe sita. Mimi ningechukua hawa: mhariri wa habari, ambaye ndiye anakimbizana na saa. Ripota aliyeko nje ambaye tunamsikia kwenye simu tu, hatumuoni, umeokoa lokesheni nzima. Dizaina, ambaye shida yake ni moja, kichwa cha habari hakienei. Msomaji prufu, mtu wa taratibu anayebishana kuhusu herufi wakati nyumba inaungua. Mtu wa matangazo. Na dereva, huyu usimuache, maana dereva wa gazeti huenda kila mahali na ripota, anasikia kila kitu, anajua kila kitu, na hamna anayemuuliza.

Sasa neno muhimu kuliko yote kwenye mwongozo huu, na kama utachukua kimoja tu chukua hiki: hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kwamba yuko kwenye komedi. Kila mtu anaichukulia kazi yake kwa uzito wa kifo na uzima. Usimpe dizaina suruali iliyopandishwa mpaka kifuani, usimpe mhariri kigugumizi, usiweke ule mlio wa katuni mtu akianguka. Mpe dizaina shida halisi, kwamba maneno yetu ni marefu na nafasi ni safu mbili, "wanaoshughulikia" peke yake imemaliza mstari, na yeye anaomba kwa machozi wampe neno la herufi sita lenye maana hiyohiyo. Wakenya walilijua hili zamani, kipindi chao cha vichekesho Vioja Mahakamani kimeenda miaka mingi kwenye televisheni ya KBC, chumba kilekile cha mahakama, na sehemu kubwa ya kicheko ilitokana na hakimu na karani kubaki mahakamani kwelikweli wakati mshtakiwa anawapeleka anakotaka. Chumba kimoja kinatosha kabisa, watu wakikiamini.

Fundo la stori

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo wengi wanakwama. Komedi ya gazetini inataka kosa linaloanza dogo na kila mtu analiongezea kidogo kwa nia njema mpaka linakuwa jitu. Halafu tafuta kosa linalotoka ndani ya lugha yenyewe, usitegemee mtu kuteleza kwenye ganda la ndizi.

Nitakupa mfano uutumie ukitaka. Mkuu wa wilaya, yaani DC, ameenda kwenye siku ya mazingira kapanda mti. Kiswahili hicho. Kupanda mti ni kuchimba shimo ukaweka mche, na kupanda mti ni kukwea juu ukakaa kwenye tawi. Ripota yuko njiani anarudi, mtandao unakatikakatika, chaji imebaki asilimia tatu, na mhariri ana shimo ukurasa wa mbele kwa sababu stori kubwa ya leo imeanguka, mwanasheria kasema isitoke. Angalia simu inavyokwenda:

MHARIRI: Sasa hebu niambie, kuna nini huko, maana huku nimekwama.
RIPOTA: Yaani mkuu hamna jipya, DC kapanda mti basi, watu wakapiga makofi.
MHARIRI: Ngoja, ngoja kwanza. Kapanda mwenyewe?
RIPOTA: Mwenyewe mkuu, kwa mikono yake, kavua na koti kabisa.
MHARIRI: Kavua koti! Mti gani huo?
RIPOTA: Mwarobaini, pale mbele ya shule.
MHARIRI: Na kashuka saa ngapi?
RIPOTA: Kashuka saa nne, gari ilichelewa, si unajua barabara ya...

Simu inakata. Chaji imeisha.

Ona, ripota hajadanganya hata neno moja, na mhariri hajaongeza chochote, kauliza maswali ya mhariri mzuri kabisa. Kashuka kwenye gari, ila mhariri kasikia kashuka kwenye mti. Kuanzia hapo mpe kila mtu hatua moja. Mhariri anaandika kichwa, dizaina analalamika hakienei, wanakifupisha na kwenye kufupisha ndio kinazidi kuharibika. Msomaji prufu anauliza kwa dhati kabisa kama mkuu wa wilaya anapanda mti "akiwa" amevua koti au "baada ya" kuvua koti. Mpiga picha katuma picha moja tu kabla simu yake haijajaa, na kwenye picha tunamuona DC amesimama amevua koti, kachafuka udongo magotini, pembeni yake kuna mwarobaini mkubwa wa siku nyingi, ule mche wenyewe umezibwa na mwanafunzi. Picha inathibitisha. Mtu wa michezo anajitolea kukadiria urefu. Wanapiga simu ofisi ya wilaya kuthibitisha, kama gazeti zuri linavyotakiwa kufanya, na mlinzi wa usiku anawajibu ndiyo, kweli, alipanda, na mwaka jana pia alipanda.

Dereva, ambaye alimpeleka ripota kule akatangulia kurudi, muda wote huu amesimama mlangoni anasubiri kusainiwa karatasi ya mafuta.

Hiyo ya dereva ndio bomu lako. Mtazamaji anatakiwa ajue mapema kwamba dereva alikuwepo, mpe dereva udongo kwenye viatu na mche mmoja wa mwarobaini uliobaki kwenye mfuko mweusi wa plastiki mkononi, wa kupeleka nyumbani. Hamna anayeuangalia. Kila akifungua mdomo anaambiwa subiri kidogo kaka tuko kwenye dedilaini. Usifiche siri hii kwa mtazamaji, watu wanafikiri komedi ni kushtukiza, sio hivyo, mtazamaji akijua na wahusika hawajui ndio anabana mbavu.

Kile Kiswahili cha vichwa vya habari

Utajiri mwingine huu hapa. Magazeti yetu yana lugha yake ambayo hakuna mtu anaongea hivyo nyumbani. Waziri haongei kwa ukali, waziri anawaka, anacharuka, anatema cheche. Mtu halalamiki, analia. Jambo haliwi gumu, linakuwa kaa la moto, kizungumkuti, au zigo. Mapya hayatokei, yanaibuka. Msomaji kaizoea mpaka haoni tena, kazi yako ni kumfanya aione upya. Diwani alia na choo cha shule. Ukimuweka mgeni chumbani, labda yule binti aliyeanza juzi, akasoma kichwa hicho akauliza kwa huruma kama diwani alikuwa na msiba, mhariri atamjibu kwa uvumilivu wa mwalimu, na umepata sini nzuri bila kumtukana mtu.

Nunua magazeti ya wiki moja, ya aina tofauti, Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, na yale ya michezo, kata vichwa uvibandike ukutani. Usinakili vichwa vyao kwenye filamu, jifunze mdundo wake tu, halafu tunga vyako.

Mazungumzo ya kugongana

Kwenye chumba cha habari watu hawasubiriani. Mmoja yuko kwenye simu, mwingine anamuuliza swali, wa tatu anamjibu aliyeuliza wa kwanza. Hii ukiiweza filamu yako inapaa, ukikosea ni kelele tupu. Kuna filamu moja ya zamani lazima uitazame kabla hujaandika, His Girl Friday ya 1940, Howard Hawks ndio kaiongoza, Cary Grant ni mhariri Walter Burns na Rosalind Russell ni Hildy Johnson, ripota wake bora ambaye pia ni mke wake waliyeachana. Hildy amekuja kuaga, anataka kuolewa na bwana mmoja muuza bima, na mhariri hataki aondoke, kwa hiyo anamtegea stori moja ya mwisho. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa 1928, The Front Page, ulioandikwa na Ben Hecht na Charles MacArthur ambao wote wawili waliwahi kuwa maripota Chicago, na ndio maana unanukia ofisi halisi. Kwenye mchezo Hildy alikuwa mwanaume, Hawks akamgeuza mwanamke, na kwa badiliko hilo moja stori ya kazi ikawa stori ya mapenzi pia. Haki miliki ya filamu hiyo haikuhuishwa Marekani kwa hiyo utaipata bure mtandaoni bila shida, ni dakika kama tisini hivi.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza cheka tu. Mara ya pili angalia vitu vitatu. Kwanza, sehemu kubwa sana iko kwenye vyumba viwili tu, ofisi ya gazeti na chumba cha waandishi pale mahakamani, kwa hiyo usilalamike bajeti. Pili, kuna mtu aliyehukumiwa kunyongwa katoroka, na Hildy anamficha ndani ya ile meza ya kizamani yenye mfuniko, kwa hiyo muda mwingi watu wanaingia, wanaegemea meza, wanabishana, na sisi tunajua kilichomo ndani. Ni kaka yake yule dereva wangu na mche wa mwarobaini. Tatu, sikiliza wanavyopishana maneno.

Siri ya kupishana kwao ni rahisi na inafanya kazi vizuri sana kwa Kiswahili. Maneno ya mwanzo na ya mwisho wa sentensi yanakuwa ya kujazia tu, maana yote imewekwa katikati, ili mwenzio akikuingilia mwishoni hajaua kitu. Sasa sisi tumejaliwa maneno ya kujazia, yaani, sasa, hebu, ngoja kwanza, sikiliza bwana, umenielewa, si unajua, au vipi. Rudi uisome ile simu ya mhariri na ripota hapo juu, utaona sentensi kadhaa zina maneno ya kujazia mbele au nyuma. "Sasa hebu niambie, kuna nini huko, maana huku nimekwama." Ukifunikwa mwanzo na mwisho bado kimebaki kuna nini huko. Andika hivyo mistari yote ya vurugu. Ile mistari michache ambayo mtazamaji lazima aisikie, iweke kwenye ukimya, wote wanyamaze kwa bahati, mtu mmoja aongee.

Jambo lingine la filamu ile ambalo nalipenda kuliko yote. Katikati ya vichekesho kuna mwanamke, Mollie Malloy, maripota wanamsakama kwa maswali mpaka anajirusha dirishani, na wao wanakimbilia simu zao kutuma habari. Inauma. Na ndio inayofanya vichekesho vingine viwe na uzito, kwa sababu unakumbushwa kwamba habari ni watu. Hata kwenye filamu yako ya dakika kumi weka sehemu moja kama hiyo, ndogo. Mimi ningempa yule msomaji prufu dakika moja tu, simu ya nyumbani inaita, mtoto anauliza baba unarudi saa ngapi, anasema nikifunga ukurasa, na mtoto anajibu jana pia ulisema hivyo. Kisha anarudi kwenye herufi zake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu miaka sita.

Lokesheni, sauti na vibali

Omba ofisi yoyote yenye meza nyingi, ofisi ya uhasibu, chumba cha kompyuta cha chuo, Jumapili. Kilichobaki ni magazeti ya zamani, jaza kila mahali, mezani, chini, juu ya kabati, mengine yamefungwa kamba kama majalada. Ukutani saa moja kubwa ya mishale, kalenda, na ubao mweupe wenye majina na kazi za leo. Kompyuta ziwe zimechoka chakavu. Chai kwenye chupa, vikombe visivyofanana. Mwanga uwe ule mweupe wa tyubu, usijaribu kuupendezesha.

Sauti sasa, tafadhali hapa unisikilize. Filamu yangu ya kwanza tulishuti watu watano wanaongea kwa pamoja, maiki moja juu ya kamera, feni la darini linazunguka kwa sababu kulikuwa na joto, na tulipofika kwenye kuediti hatukuweza kuokoa hata sini moja, siku mbili za kazi ya watu kumi na moja zilipotea na wasanii wale walikuwa wamejitolea. Kwa hiyo zima feni na kiyoyozi kila mnaposhuti, washa mkipumzika. Kwanza shuti sini nzima wote wakipishana, hiyo ni ya mdundo. Halafu rudia kila mtu peke yake, wengine wanachezesha midomo bila sauti, urekodi mistari yake ikiwa safi, hata kwa simu iliyowekwa mfukoni mwa shati. Kwenye kuediti ndio unawapandisha juu ya mwenzake unavyotaka. Mwisho rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, na dakika mbili za vidole kwenye kibodi, hizo utazitumia kuficha viraka.

Saa ya ukutani ina mtego wake. Mnashuti kwa mpangilio wa kamera sio wa stori, kwa hiyo toa betri ya saa, mteue mtu mmoja kazi yake iwe kusogeza mishale tu, na kila sini kwenye skripti iandikwe saa na dakika pale juu. Ukikosea hapo watu wa komenti watakuonyesha.

Vibali, hapa Tanzania shughuli za filamu ziko chini ya Bodi ya Filamu, kuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976, nenda na skripti yako uulize utaratibu wa sasa na ada kabla hujashika kamera, Kenya nako wana bodi yao ya uainishaji wa filamu. Jina la gazeti litunge, na kabla hujaliprinti liulizie Idara ya Habari Maelezo maana leseni za magazeti zinatoka kwao, usije ukatunga jina kumbe lina mwenyewe. Usitumie nembo ya gazeti halisi. Na DC wako asiwe na wilaya, asifanane na DC yeyote, asiige sauti ya kiongozi yeyote. Huyu mkuu wa wilaya ni mtu mwema aliyepanda mti, hatumcheki yeye.

Kuigiza na kuediti

Mazoezi siku tatu kabla ya kushuti, bila kamera, mkiwa mmekaa mnasoma kwa kasi. Weka taima ya simu. Skripti ya kurasa kumi ikisomwa dakika kumi na tatu mkiwa mmetulia, isomeni tena na tena mpaka ifike tisa. Msanii akikuuliza hapa nichekeshe vipi, mwambie usichekeshe, maliza ukurasa wako. Wachague watu wenye nidhamu ya kutocheka, na akicheka mtu mnarudia, hata kama mara ya kumi.

Kwenye kuediti, dakika tatu za kwanza acha zipumue, mtu ajue nani ni nani. Kuanzia hapo kila sini iwe fupi kuliko iliyopita. Muziki usiweke kabisa mpaka mwisho, chumba cha habari kina muziki wake, simu, kibodi, printa, kiti kinacholia. Saa ionekane mara tano au sita sio zaidi, na mara ya mwisho usiionyeshe, onyesha nyuso zao zikiiangalia.

Saa tatu kamili dizaina anabonyeza, faili imekwenda. Kimya. Watu wanajinyoosha, mtu wa michezo anamalizia chipsi zilizopoa. Ndipo mhariri, kwa mara ya kwanza jioni nzima, anamgeukia dereva, anapokea ile karatasi ya mafuta, anasaini, na anauliza kwa upole tu, na huo mche wa nini kaka? Dereva anajibu. Usituonyeshe uso wa mhariri. Kata hapohapo, nenda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kituo cha daladala, meza ya magazeti, watu wamejaa wameinama, wanasoma kimya. Shuti hiyo kwa mbali, na sauti irekodi ya kweli, makonda, pikipiki, muuza kahawa anagonga vikombe. Kicheko cha mtu wa kwanza pale mezani kiingie sekunde mbili kabla hujazima picha, halafu majina ya wasanii yapande.